Mwenye Gunia Asimame Wapi?

Wanachama wetu, kila msimu unapokaribia gazeti hili hujaa maneno ya bei, na ya ukavu, na ya majamvi, na ya mvua iliyokuja siku isiyotakiwa. Maneno hayo ni ya lazima na hatuyaonei choyo nafasi yake. Lakini liko jambo moja ambalo halijapewa haki yake katika kurasa hizi, nalo hutokea pahala ambapo sote twapita: uwanja wa kituo cha kununulia karafuu, mlango wa ghala, na gatini. Jambo lenyewe ni kugongwa na kubanwa kwa watu na magari ya mizigo hali wapo kazini. Twaona lachukuliwa kuwa ni bahati mbaya ya mtu mmoja mmoja. Sisi twasema lina sababu zake, na sababu moja kubwa ni hofu tuliyonayo sisi wakulima juu ya magunia yetu.

Ajali ya mkarafuu twaijua. Mtoto wa Pemba hufundishwa tangu mdogo kwamba tawi la mkarafuu halimwambii mtu kabla ya kukatika, na ajuwa la kukanyaga na la kushika. Mchumaji akianguka, kijiji kizima hutoka. Mashina hujulikana kwa majina ya watu walioangukia hapo, na mama humkataza mwanawe kupanda baada ya mvua. Huo ni ujuzi wa miaka mingi uliolipiwa kwa mifupa ya wazee wetu. Lakini hapana aliyetufundisha namna lori linavyorudi nyuma, wala mahali ambapo dereva haoni kitu. Mtu yule yule ambaye hawezi kulikanyaga tawi kavu kwa bei yoyote, utamkuta amekaa kitako kivulini chini ya tela la lori, anakula muhogo, na injini inaunguruma.

Kwamba hatari hizi mbili ni ndugu, si sisi tu tunaosema. Uingereza wana idara ya serikali inayohesabu kila mwaka wafanyakazi waliokufa kazini, na kila mmoja huandikwa alikufa kwa nini. Katika mwaka wa hesabu wa 2023/24 walikufa 138. Walioanguka kutoka juu walikuwa 50, na hao ndio waliokuwa wengi kuliko wote. Wa pili yao walikuwa 25 waliogongwa na magari yanayokwenda. Na hiyo ni nchi yenye wakaguzi, yenye viwanja vilivyopigwa rangi, yenye magari yanayolia yakirudi nyuma. Kwetu sisi ya kwanza tumeipa hishima yake, na ya pili bado twaiita kudra. Kudra ya Mwenyezi Mungu hatuikatai, lakini hapana sheikh aliyetufundisha kwamba tawakali ni kulala njiani pa gari.

Kwanza tuyaeleze magari yenyewe, maana wengi wetu twayaona kila siku na hatuyajui.

Vituo vingi vya mashamba havina mashine ya kupakilia. Huko kazi ni ya mabega, ya gari la ng'ombe, na ya lori. Lakini karafuu ikishafika mjini na bandarini, hukutana na gari lile fupi, nene, lenye meno mawili ya chuma mbele, ambalo watu wa bandari huliita foklifti. Asili ya magari ya namna hii ni Marekani, ambako kampuni ya Clark mwaka 1917 ilijitengenezea kigari cha kubebea vyuma ndani ya kiwanda chake, na wageni waliokiona wakataka kununua na wao. Vita Vikuu vya Pili vikayaeneza duniani pamoja na vile vichanja vya mbao viitwavyo paleti. Leo hata ghala la mchele mjini lina foklifti yake, na kijana wa kuiendesha hutafutwa kama anavyotafutwa mtu wa kusukuma gari la hamali: yeyote aliyepo.

Na hapo ndipo penye kosa. Foklifti si gari dogo. Ile inayoinua tani 2 na nusu, yenyewe tupu ina uzito wa zaidi ya tani 3, kwa sababu nyuma yake imetiwa chuma kizito cha kuulinganisha mzigo wa mbele. Iangalieni kama mizani: magurudumu ya mbele ndiyo kati, mzigo upande huu, chuma upande huu. Mzigo ukizidi, au ukiinuliwa juu kisha dereva akakata kona, mizani hulala, na gari lote likapinduka. Tena usukani wake hugeuza magurudumu ya nyuma, si ya mbele. Kwa hivyo dereva akikata kuume, mkia wa foklifti huruka kushoto, tena kwa haraka, na mtu aliyesimama ubavuni akidhani yu salama kwa kuwa meno yameelekea kwingine, huyo ndiye anayebanwa ukutani. Paleti ikiwa imepangwa magunia mpaka juu, dereva mbele haoni kitu, na inampasa aende kinyumenyume huku akitazama anakokwenda. Wangapi kati yetu tuliwahi kumwona anayefanya hivyo? Mwendo wa kilomita 10 kwa saa waonekana ni mwendo wa mzee wa baiskeli, lakini hizo ni karibu mita 3 kwa sekunde moja. Mtu akiwaza sekunde moja tu, "hili laja kwangu au lapita?", limekwisha kumfikia.

Marekani dereva wa foklifti hana ruhusa kuishika kazini ila amefundishwa na kutahiniwa, na hutazamwa tena kila miaka 3. Na aliye chini ya miaka 18 hakubaliwi katika kazi hiyo. Ikiwa foklifti inapinduka, dereva hufundishwa abakie kitini na mkanda wake, ashike usukani kwa nguvu, ainamie upande wa pili. Anayeruka ndiye anayeangukiwa na paa la chuma. Jambo hili ni kinyume na silika ya mtu, na ndiyo maana halijulikani bila ya kufundishwa. Tumewauliza vijana watatu wanaoendesha mashine hizi mjini wangefanya nini, na wote watatu wamesema wangeruka.

Tumelishuhudia jambo moja katika ghala moja la bidhaa, ambalo si la karafuu na hatutalitaja. Hamali mmoja mtu mzima, mwenye miaka mingi katika kazi yake, alikuwa amesimama nyuma ya foklifti akimngoja mwenziwe amtwike. Foklifti haikwenda mbele wala haikurudi nyuma, iligeuka tu. Mkia ukampanda mguu na kumbana na nguzo. Hakupiga ukelele. Watu walidhani anafanya maskhara, maana uso wake ulikuwa kama unaocheka. Mguu haukukatwa, Alhamdulillahi, lakini hakubeba tena gunia. Tajiri wa ghala alimpa fedha za tiba na mchele, na kwa kipimo cha mahali pale alionekana mkarimu. Mwezi wa pili alikuwapo mtu mwingine pale pale kwenye nguzo, akingoja kutwikwa.

Basi tuyaache ya mjini, turejee uwanjani kwetu. Lori la kubeba karafuu hurudi nyuma mpaka mlangoni mwa ghala, na wakati huo huo wakulima wanateremsha mizigo yao, hamali wanapita na magunia kichwani, watoto wanaokota karafuu zilizomwagika, na kina mama wanaofagia wameinama na migongo yao i upande wa gari. Dereva ana vioo viwili na bodi ya gari inamzibia yote yaliyo nyuma. Anayemwongoza ni utingo, kwa kupiga bodi kwa kiganja. Sasa kila lori lina lugha yake: kwa mmoja kupiga mara mbili ni "njoo", kwa mwingine mara mbili ni "simama". Na ukiongeza mkulima mwenye haraka naye akapiga bodi kwa kiganja chake, na watu watano wanaopiga kelele "rudi, rudi, bado, bado", dereva atasikiliza lipi? Juu ya hayo karafuu kavu ikimwagika juu ya saruji laini ni kama shanga chini ya mguu. Mwenye mzigo akiteleza, hujiangukia hapo alipo, na pengine ndipo gurudumu linapokuja.

Wapo watakaosema, na tumekwisha wasikia, kwamba dawa ni moja tu: madereva waache ujeuri. Hatukatai kwamba wapo majeuri. Lakini dereva anayelipwa kwa safari, asiyelipwa kwa siku, umemwambia kwa fedha aharakishe, kisha wamwambia kwa mdomo aende pole. Atasikia fedha. Na wapo watakaosema watu wasisimame njiani pa gari. Maneno hayo ni mazuri, na kila kituo kina mtu wa kuyapigia kelele kutwa nzima, na kutwa nzima watu wamo njiani pa gari. Yafaa tujiulize kwa nini.

Sababu twaijua sote, ingawa hatuisemi mkutanini. Mkulima haachi kulitazama gunia lake. Amelichuma kwa miezi, amelianika, amelianua mvua ilipokuja usiku, amelilalia mwizi asije. Sasa amelifikisha mahali ambapo litatiwa daraja na kupimwa, na kati ya lori na mizani liko kundi la magunia mengine mia yanayofanana nalo kama pacha. Akiliachia macho, yamkini likabadilishwa na lenye mpeta. Yamkini la kwake likaandikwa daraja la pili na la jirani la kwanza. Hatusemi kwamba ndivyo inavyokuwa; twasema ndivyo anavyohofu, na hofu yatosha kumsimamisha mtu. Kwa hivyo atasimama pale ambapo jicho lake laona gunia na sindano ya mizani kwa pamoja, na katika viwanja vingi mahali hapo ni pamoja tu: nyuma ya lori, mbele ya mlango. Ukimfukuza atazunguka na kurudi. Ukimpigia kelele atakuona wewe ndiye unayetaka kumwibia.

Hii ndiyo maana twasema kwamba ajali za uwanjani hazitapungua kwa makaripio. Mpeni mkulima mahali pengine pa kusimama ambapo anaona vile vile, na atakwenda mwenyewe, tena kwa furaha, maana hapana apendaye kusimama juani na moshi wa dizeli usoni.

Mahali hapo si jambo la gharama kubwa. Baraza ya mawe na udongo, yenye kimo cha magoti mawili, ubavuni pa mizani na si mbele yake, na juu yake makuti. Mizani igeuzwe uso wake uelekee barazani. Kila gunia litiwe namba kwa wino mbele ya mwenyewe kabla ya kuteremshwa, na namba hiyo hiyo iandikwe katika karatasi atakayoishika mkononi, ili asiwe na haja ya kulifuata gunia kama mtu anayefuata jeneza. Karani aitaje namba kwa sauti anapopima. Hayo yote kwa juu juu ni mambo ya haki ya mkulima na si ya usalama, lakini kwa maoni yetu ndiyo ya usalama kuliko mbao zote za onyo zitakazotundikwa.

Kisha njia. Njia ya gari iwe moja na ya watu iwe nyingine, na kati yao uwe mpaka wa kitu kisichopitika kwa urahisi. Mstari wa chokaa peke yake, siku ya kwanza watu huuheshimu, siku ya pili huufuta kwa miguu. Mawe makubwa yaliyopakwa chokaa ni bora. Palipo na mlango mmoja tu ambao gari na hamali wote hawana budi kuupita, basi wapokezane: gari likirudi, hamali wasimame wote, gari likishazimwa na ufunguo umo mfukoni mwa dereva, hamali waanze. Itachukua dakika. Tutaambiwa kuwa dakika hizo ni hasara. Tumesimama katika foleni za msimu tangu alfajiri hata magharibi, na dakika zilizotupotea kwa kumngoja karani aliyekwenda kunywa chai ni nyingi kuliko hizo.

Na mwenye kumwongoza dereva awe mtu mmoja anayejulikana, amesimama ubavuni mahali anapoonekana katika kioo, si nyuma ya gari. Ishara ziwe za mkono na ziwe namna moja kisiwa kizima. Dereva asipomwona mtu huyo, asimame. Hata akisikia watu mia wanamwambia rudi, asimame.

Twataka pia kusema neno juu ya jambo ambalo litawaudhi baadhi ya wanachama, nalo ni hili: huyu hamali ni wa nani? Anapobeba gunia langu kutoka gari la ng'ombe hata mizanini, namlipa mimi, kwa gunia. Anapolibeba kutoka mizanini hata ghalani, analipwa na mwingine. Anapolipakia lorini, pengine analipwa na mwenye lori. Siku anapovunjika mguu, mkulima husema ni wa ghala, ghala husema ni wa lori, na mwenye lori husema hamjui. Zanzibar inayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8 ya mwaka 2005, na maana yake ni kwamba mwenye kazi ana wajibu juu ya usalama wa wanaomfanyia kazi. Lakini sheria yataka mwenye kazi ajulikane, na sisi kwa desturi yetu ya kulipana mkono kwa mkono, bila ya karatasi wala shahidi, tumempoteza. Hamali hana pa kudai, na hilo latufaa sisi sote isipokuwa yeye.

Hatuwezi kudai kwa mnunuzi bei ya haki hali ya kuwa sisi wenyewe twamwachia mtu wetu mlangoni na mguu uliovunjika. Yapasa chama kiwe na daftari la hamali katika kila tawi: jina lake, kijiji chake, siku alizofanya kazi na kwa nani. Mwenye kubeba gunia la mwanachama awe anajulikana kuwa siku hiyo, kati ya mahali fulani na mahali fulani, yumo katika kazi ya mwanachama huyo. Wapo watakaoogopa kwamba kuandika hivyo ni kujitia kitanzi. Ni kweli kwamba ni kujifunga. Mkulima aliyekwisha kumchukua mchumaji aliyeanguka mkarafuuni mwake na kumfikisha hospitali kwa gharama yake, na wapo wengi kama huyo katika chama hiki, hatauona mzigo huu kuwa mgeni.

Daftari hilo hilo liandikwe na yale yaliyotaka kuwa yasiwe. Lori lililosimama shubiri moja kutoka kwa mtoto, gunia lililoanguka kutoka juu ya paleti na asiwepo mtu chini, mkia wa foklifti uliochuna shati. Mambo haya husimuliwa kwa kicheko jioni na asubuhi yamesahauliwa. Kama yangeandikwa, na mahali yalipotokea, kabla ya msimu kwisha tungejua ni kona ipi ya uwanja upi ambayo yatafuta mtu.

Watoto tumewaacha mwisho si kwa kuwa ni wadogo. Karafuu zilizomwagika chini ya gari zina thamani, na mtoto wa masikini anajua hivyo kuliko sisi. Kumkataza bila ya kumpa kitu ni kazi bure. Kamati za matawi zaweza kumwajiri mtu mzima mmoja, tena afadhali awe mama mjane, mwenye ruhusa ya kufagia na kuchukua kilichomwagika baada ya gari kuzimwa, na mtoto asiingie. Kijiji kitamjua, na wivu wenyewe utailinda kazi hiyo. Wala mtoto asipandishwe juu ya meno ya foklifti akainuliwa ili acheke. Tumeyaona haya bandarini, yakifanywa na watu wazima wanaopenda watoto.

Haya tutayaleta kwa maandishi mbele ya Mkutano Mkuu kabla ya mavuno, na tutaomba yapigiwe kura moja moja, kwa kuwa twajua baraza itapita na daftari la hamali litapingwa. Kabla ya siku hiyo twamwomba kila katibu wa tawi aende katika kituo chake wakati uwanja u mtupu, achore kwa penseli mlango, mizani, njia ya lori na mahali wanaposimama wakulima, atie alama palipowahi kuumia mtu, na auandike mwaka kama anaukumbuka. Mchoro hauhitaji kuwa mzuri. Uletwe ofisini kwa mkono au kwa mtu wa daladala, na juu yake liandikwe jina la tawi.